Nyota za uani: Namna ya kuanza kuisoma anga ya usiku

Na Mwandishi Wetu

UMEME unapokatika usiku katika mtaa wowote wa Dar es Salaam, sauti ya kwanza kusikika huwa ni ya malalamiko. Lakini wale wachache wanaotoka uani na kuinua macho huona jambo ambalo taa za mji huwaficha kila siku, yaani mbingu iliyojaa nyota.

Kwa mtu mwenye macho mazuri aliye mahali penye giza totoro, nyota zinazoweza kuonekana kwa wakati mmoja ni zaidi ya 2,000. Katikati ya jiji, mtu huyo huyo anaweza kuhesabu makumi machache tu. Nyota hazikwenda popote. Ni mwanga wa taa za barabarani, maduka na nyumba unaotawanyika hewani na kuzifunika.

Matokeo yake ni kuwa watoto wengi wa mijini wanakua bila kukijua Kilimia, kundi la nyota ambalo babu zao walilitumia kama kalenda ya shamba. Habari njema ni kwamba elimu hiyo inaweza kurejeshwa nyumbani bila gharama, hata kwa mtu anayeishi Kariakoo au Tabata.

Kwanza inafaa kuondoa dhana moja. Wengi wakisikia neno nyota hufikiria utabiri wa bahati, ndoa na biashara. Makala haya hayahusu jambo hilo. Yanahusu astronomia, yaani elimu ya kuchunguza magimba ya angani: yako wapi, yanakwendaje na yameundwa kwa nini.

Kuandaa macho

Kifaa cha kwanza cha mtazamaji ni macho yake mwenyewe, nayo yanahitaji muda. Mtu akitoka sebuleni penye taa, macho huchukua dakika 20 hadi 30 kulizoea giza. Kutazama skrini ya simu kwa sekunde chache tu kunatosha kuharibu maandalizi hayo yote.

Zima taa za nje, kisha chagua kona ambayo ukuta au mti unazuia taa ya jirani. Kama unahitaji tochi ya kusomea, ifunike kwa kitambaa au karatasi nyekundu, kwa kuwa mwanga mwekundu hauyasumbui sana macho yaliyozoea giza. Tandika mkeka ulale chali, vinginevyo shingo itachoka mapema. Usisahau nguo za mikono mirefu na dawa ya kufukuza mbu. Ni vyema pia kuwaeleza majirani unachofanya, hasa ukipanda juu ya paa, ili usidhaniwe kuwa na nia nyingine.

Majira nayo yana maana. Wakati wa masika mawingu hutawala. Miezi ya Juni hadi Septemba ni mikavu na huwa na usiku mwingi mweupe, na Januari na Februari, kati ya vuli na masika, nazo hutoa nafasi nzuri.

Alama tatu za kuanzia

Kosa la wanaoanza ni kutaka kuzijua nyota zote kwa usiku mmoja. Anza na makundi matatu tu.

La kwanza ni Jabari, ambalo mwishoni mwa Januari, yapata saa tatu usiku, huwa karibu juu kabisa ya kichwa. Tafuta nyota tatu zilizojipanga kwenye mstari mmoja mfupi. Huo ndio mkanda wake. Upande mmoja wa mkanda kuna nyota yenye wekundu, Ibuti la Jauza, na upande wa pili kuna nyota nyeupe yenye ubuluu, Rijili. Tofauti hiyo ya rangi inatokana na joto: nyota nyekundu ina joto dogo usoni kuliko ile ya buluu.

Ukiufuata mstari wa mkanda kuelekea kusini mashariki, utafika kwenye Shira, inayojulikana kimataifa kama Sirius. Hii ndiyo nyota inayong'aa kuliko zote katika anga ya usiku. Mwanga wake husafiri miaka 8.6 kabla ya kutufikia. Maana yake ni kwamba mtoto wa miaka minane na nusu anayeitazama leo anapokea mwanga ulioanza safari karibu na wakati aliozaliwa yeye.

Ukiufuata mstari huo huo upande wa pili, kaskazini magharibi, utakifikia Kilimia, kishada kidogo cha nyota zilizosongamana. Wengi huona nyota sita. Kwa kweli kishada hicho kina nyota zaidi ya 1,000. Jina lake linatokana na kulima, na wazee wa pwani walisema kwamba kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kila mwaka, kufikia Mei, kishada hicho hupotea kwenye anga ya jioni kwa kuwa Jua limekikaribia, kisha Juni huonekana tena mashariki kabla ya mapambazuko.

Kundi la pili ni Msalaba wa Kusini, unaoonekana vizuri jioni za Mei na Juni. Tazama kusini, kwa Dar es Salaam kimo cha karibu ngumi nne juu ya upeo. Ngumi ya mkono ulionyooshwa ni sawa na takriban nyuzi 10 za anga. Msalaba unaposimama wima, kushoto kwake kuna nyota mbili angavu. Ile iliyo mbali zaidi na Msalaba ni Alfa Kentauri, mfumo wa nyota ulio jirani zaidi na Jua letu, umbali wa zaidi kidogo ya miaka minne ya mwanga. Ukiurefusha mti mrefu wa Msalaba kuelekea chini mara nne na nusu, utafika karibu na ncha ya kusini ya anga. Kusini ya kweli ipo chini yake.

La tatu ni Nge. Katikati ya Julai, saa tatu usiku, hupanda juu ya kichwa, kidogo upande wa kusini, akiwa na moyo mwekundu na mkia uliopinda. Mahali penye giza, karibu na mkia huo ndipo Njia Nyeupe huonekana nene zaidi, kwa kuwa hapo tunatazama kuelekea kitovu cha galaksi yetu.

Ukitoka usiku mwingine saa ile ile, utagundua kwamba nyota zimetangulia. Kila siku huchomoza dakika nne mapema, sawa na saa mbili kwa mwezi. Ndiyo maana kila majira yana nyota zake.

Kutofautisha sayari

Nyota humetameta, lakini sayari kwa kawaida hutoa mwanga uliotulia. Zuhura, ambayo wengi huiita nyota ya alfajiri au nyota ya jioni, haionekani kamwe usiku wa manane kwetu. Huizunguka njia iliyo ndani ya njia ya Dunia, hivyo haiachani mbali na Jua. Mshtarii, inayofahamika shuleni kama Jupita, inaweza kuonekana usiku kucha.

Ukiona nukta angavu ikipita taratibu bila kumetameta na bila taa za rangi, yawezekana ni Kituo cha Kimataifa cha Anga, ambacho huizunguka Dunia kwa takriban dakika 90 kikiwa kimo cha kilomita 400 hivi.

Usikimbilie kununua

Teleskopu ndogo za bei rahisi zinazotangaza ukuzaji mkubwa huwavunja moyo wengi, kwa kuwa miguu yake hutikisika. Ni bora kuanza na darubini ya macho mawili yenye alama 7x50 au 10x50. Namba ya kwanza ni mara inazokuza, ya pili ni upana wa lenzi kwa milimita.

Kwa darubini hiyo, ukiegemeza viwiko ukutani, utaona miezi minne ya Mshtarii ikibadilisha nafasi kila usiku, kama Galileo alivyoiona Januari 1610. Utaona pia mashimo ya Mwezi, si wakati wa mwezi mpevu bali unapokuwa nusu, kwani vivuli hurefuka kwenye mpaka wa nuru na giza. Pete za Zohali, hata hivyo, zinahitaji teleskopu. Kwa ramani ya anga, programu ya Stellarium hupatikana bure kwa kompyuta.

Onyo moja halina mjadala: usilielekezee Jua darubini kamwe. Upofu unaweza kutokea mara moja na usiwe na tiba. Kupatwa kwa Mwezi, kama kule kulikoonekana Afrika Mashariki usiku wa Septemba 7, 2025, hakuna madhara kwa macho. Kupatwa kwa Jua ni suala jingine. Septemba 1, 2016, Jua lilipobaki pete huko Rujewa mkoani Mbeya, waliolitazama walihitaji miwani maalumu.

Mwisho, weka daftari. Andika tarehe, saa, ulichokiona na mahali kilipokuwa, na umwachie mtoto achore. Baada ya mwaka mmoja familia itakuwa na kalenda yake ya anga, na umeme utakapokatika tena, patakuwa na mtu uani wa kuwaonyesha wengine Kilimia kilipo.