Wagonjwa 31, Dola Nusu Milioni kwa Mwaka

Hatima ya dawa ya leniolisib iliamuliwa na wagonjwa 31. Dawa ya kisukari au ya shinikizo la damu hujaribiwa kwa maelfu ya watu kabla ya kuingia sokoni. Lakini APDS, ugonjwa wa kurithi unaovuruga kinga ya mwili, hukadiriwa kumpata mtu mmoja au wawili tu katika kila milioni, na ulitambuliwa mwaka 2013.

Kiini chake ni kimeng'enya cha PI3K delta kinachofanya kazi kupita kiasi, hata seli za kinga zikashindwa kukomaa ipasavyo. Mtoto anapona nimonia, mara anaugua nyingine; tezi za shingoni zinavimba, wengu unakuwa mkubwa. Familia nyingi huzunguka hospitali miaka na miaka zikipewa antibiotiki bila kuambiwa chanzo. Leniolisib, kidonge cha miligramu 70 kinachomezwa mara mbili kwa siku, hukituliza kimeng'enya chenyewe.

Katika jaribio lililoamua mambo, wagonjwa 21 walipewa dawa na 10 wakapewa vidonge visivyo na dawa, kwa wiki 12. Waliomeza dawa tezi zao zilinywea, na seli B, yaani seli za kinga, ambazo zimekomaa lakini hazijakutana na vimelea zikaongezeka katika damu. Machi 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ikaiidhinisha kwa wenye umri wa miaka 12 na zaidi. Ndiyo dawa ya kwanza kuidhinishwa kwa ugonjwa huu.

Hesabu za biashara zinastahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Novartis ya Uswisi ndiyo iliyoitengeneza dawa hii, na iliwahi kuijaribu pia kwa ugonjwa wa Sjögren, wenye wagonjwa wengi zaidi. Mwaka 2019 ikaikabidhi kwa leseni Pharming, kampuni ya Leiden, Uholanzi, kwa malipo ya awali ya dola milioni 20. Baada ya idhini, Pharming ilipata vocha ambayo FDA huwapa wanaotengeneza dawa za magonjwa adimu ya watoto. Mwenye vocha hupata haki ya dawa yake nyingine kuchunguzwa haraka, na anaweza kuiuza. Kwa makubaliano ya tangu mwanzo, Pharming iliiuzia Novartis vocha hiyo kwa dola milioni 21.1. Kwa kulinganisha, mwaka uliofuata kampuni ya X4 Pharmaceuticals, yenye kidonge cha ugonjwa mwingine adimu wa kinga uitwao WHIM, iliuza vocha ya aina hiyohiyo kwa dola milioni 105.

Anayelipia mzigo wote ni mgonjwa na bima yake. Leniolisib ilitangazwa Marekani kwa dola 45,000 kwa dozi ya siku 30, yaani zaidi ya nusu milioni kwa mwaka, na mgonjwa huenda akaitumia maisha yake yote. Wanaotetea bei hiyo husema wanunuzi ni wachache. Ni kweli. Lakini madaktari wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, wanaolipwa na walipa kodi, walishiriki kuugundua ugonjwa na kuijaribu dawa. Umma uliogharimia mwanzo wa safari una haki ya kusikilizwa bei inapopangwa. Uingereza imeonyesha inawezekana: mwaka 2025 NICE, chombo kinachopima thamani ya dawa, iliikubali leniolisib baada ya kampuni kupunguza bei. Kiasi kilichopunguzwa kimebaki siri, na hilo nalo linafaa kubadilishwa.