Mwanafunzi wa Uchumi Asome Zaidi ya Kitabu Kimoja

Novemba 2, 2011, wanafunzi kadhaa wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, waliinuka wakatoka nje ya darasa la utangulizi wa uchumi la Profesa Gregory Mankiw. Walilalamika kwamba wanafundishwa mtazamo mmoja tu, na hapo ni miaka mitatu tangu mabenki makubwa yaanguke. Kitabu cha kiada cha profesa huyo, ambacho hufundisha mahitaji na ugavi kwa mfano wa koni za aiskrimu, kimeenea vyuoni duniani kote.

Chukua suala la kima cha chini cha mshahara. Mchoro wa kitabuni una jibu tayari: kikipandishwa juu ya kiwango cha soko, ajira hupungua. Mwaka 1994, wachumi David Card na Alan Krueger walichapisha utafiti wao kuhusu migahawa ya vyakula vya haraka ya New Jersey, ambako kima hicho kilikuwa kimepanda, na ya jirani zao wa Pennsylvania, ambako hakikuguswa. Ajira New Jersey hazikupungua. Wachumi wengine waliwapinga vikali, wakachambua takwimu upya, na mabishano yangali yanaendelea. Card mwenyewe alitunukiwa Nobel mwaka 2021. Mabishano hayo ndiyo uchumi wenyewe. Anayeonyeshwa mchoro peke yake amenyimwa nusu ya somo.

Wala vitabu havishindani kwa ubora tu. Mwaka 1947 Lorie Tarshis, aliyesoma kwa mchumi Keynes kule Cambridge, alitoa kitabu cha kiada nchini Marekani. Wahafidhina wakakiita cha kikomunisti, wakavishinikiza vyuo vikiache, na mauzo yakaporomoka. Mwaka uliofuata Paul Samuelson akatoa chake, kwa lugha ya tahadhari zaidi, kikatawala madarasa kwa miongo.

Kwetu, Justinian Rweyemamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichapisha mwaka 1973 kitabu kuhusu ukuaji wa viwanda Tanzania, akihoji viwanda vilivyotegemea mno vitu vya kutoka nje. Swali hilo bado liko mezani mwa kila bajeti yetu. Inauma kwamba mtu anaweza kuhitimu shahada ya uchumi hapa nchini bila kulisikia jina lake.

Wahadhiri, mnapopanga orodha ya vitabu vya mwaka wa kwanza, mwekeni Rweyemamu kando ya Mankiw, na muwape wanafunzi wiki nzima ya kubishana.