Cagaarshow, manjano na ini: jina moja, maradhi mengi

Mkazi wa Garissa akikwambia aliwahi kuugua 'cagaarshow', amekutajia dalili tu. Neno hilo la Kisomali linatokana na 'cagaar', yaani kijani, rangi inayoonekana machoni mwa mgonjwa. Kiswahili nacho kimefuata njia iyo hiyo, tukasema 'manjano'. Tatizo ni kuwa 'homa ya manjano' tumeshawapa mbu na chanjo yake ya wasafiri. Ni maradhi mengine kabisa. Mimi napendelea 'homa ya ini', ingawa nalo lina kasoro, kwani wengi hawapati homa yoyote.

Mbona ning'ang'anie majina? Mwaka 2012 homa ya ini aina ya E ilizuka katika kambi za Dadaab. Hiyo huletwa na maji machafu. Ni hatari sana kwa wajawazito, lakini wengi hupona, macho yakawa meupe, basi, imeisha. Aina ya B sivyo. Hupitia damu, ngono, na kutoka kwa mama hadi kwa mtoto anapozaliwa. Watoto wachanga 10 wakiambukizwa, takribani 9 hubaki na virusi maishani, na huenda wasigeuke manjano hata siku moja. Sasa mwulize mmoja wao, akishakuwa mtu mzima, kama amewahi kuugua cagaarshow. Atakujibu, "Zii, mimi niko sawa." Kumbe saratani ya ini inamnyemelea.

Hatari hiyo hailingani kwa wote, na virusi vyenyewe vina mchango. (Kimoja ni kirusi, vingi virusi, 'virusi hii' tuwaachie wa mitandaoni.) La kwanza ni wingi wake katika damu. Huko Taiwan, watafiti waliwafuatilia watu zaidi ya 3,600 kwa miaka 11 hivi, wakachapisha matokeo mwaka 2006. Ambao virusi vyao havikuonekana kwenye vipimo, asilimia 1.3 walipata saratani. Waliokuwa na nakala milioni moja au zaidi kwa kila mililita, asilimia 14.9. Antijeni e ikionekana damuni nayo ni ishara kwamba virusi vinazaana kwa kasi.

Kisha kuna jenotipu. Ningeiita 'nasaba', na msomaji wa Garissa anayehesabu mababu zake hadi wa kumi hatapata taabu kunielewa. Nasaba ya A1, iliyoenea Afrika Mashariki na Kusini, imehusishwa na saratani inayowapata watu wangali vijana. Isitoshe, kirusi hiki huweza kujipachika ndani ya jeni za seli za ini, hivyo saratani yaweza kutokea hata kabla ini halijajaa makovu.

Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya aina ya B mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Waliozaliwa kabla ya hapo wengi wao hawakuipata. Kwa hao, swali la zahanati lisiwe la macho wala la rangi. Liwe: "Umewahi kupimwa damu, aina ya B?" Na akipatikana navyo, aulizie pia ni vingi kiasi gani, maana dawa za kuvipunguza, kama tenofovir, zipo.