Anayemuuguza Mzee, Yeye Ana Nani?

Kuna saa ya usiku ambayo kila aliyewahi kumuuguza mzee nyumbani anaijua. Watu wote wamelala, taa ya ukumbini imezimwa, na sauti kutoka chumbani inaita kwa mara ya tano. Mama anataka maji. Maji ameyanywa punde hivi, ila amesahau. Unainuka, unamnywesha, unamgeuza upande wa pili, unarudi kujilaza. Na kabla ubavu haujatulia, anaita tena. Ndipo neno linapoponyoka. Pengine si neno, ni mguno tu. Alfajiri inapoadhiniwa, mwuguzaji huyo amekwisha kulia kuliko mgonjwa wake.

Analia kwa sababu tangu utotoni, chuoni, amefundishwa aya ya 23 ya Surat Al-Israa, ambamo Mwenyezi Mungu ametukataza kuwatolea wazazi waliofikia uzee hata tamko dogo la kuudhika. Aya hiyo twaihifadhi sote. Isiyotajwa sana ni aya ya 25 ya sura iyo hiyo, inayotukumbusha kuwa Mola anayajua yaliyomo nyoyoni mwetu, na kwamba huwasamehe wanaorejea Kwake. Miongoni mwa wafasiri wa mwanzo, Said bin Jubeir amepokewa akiieleza kuwa yamhusu mtu aliyeteleza kwa wazazi wake hali moyo wake umekusudia wema. Dada mpenzi, uchovu wako si uasi. Omba maghufira, mbusu mama mkono, kisha utafute njia ya kulala. Kwani mguno ule ulitokana na kukosa usingizi kuliko kukosa imani.

Na mara nyingi aliyemo chumbani usiku huo si mwana, ni mkazamwana. Hapa tuseme wazi, hata kama baadhi ya wasomaji wetu wanaume watakunja nyuso: haki ya wazazi iko shingoni mwa watoto wao, wa kiume kwa wa kike. Mke anayemkosha na kumlisha mavyaa wake anafanya ihsani, na ihsani hushukuriwa, haidaiwi kama deni. Mume anayetoka kwenda barazani baada ya Isha, akaona amekwisha kumtendea mamake wema kwa kuwa mkewe yuko nyumbani, na aihesabu upya hesabu hiyo. Nao ndugu walioko Dubai au Maskati, pesa wanazotuma zinahitajika sana, lakini pesa hazimgeuzi mtu kitandani.

Nayasema haya kwa kuwa nilimuuguza mavyaa wangu baada ya kiharusi kumlaza upande mmoja. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hutakiwa kugeuzwa takriban kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, ili asipate vidonda vya kulalia. Hebu fikiri: saa mbili kwa saa mbili, na asubuhi watoto wanataka chai na sare za shule. Hakuna mwili wa mtu mmoja unaoyaweza hayo kwa miezi.

Kwa mzee aliyeingiwa na maradhi ya kusahau, uzito ni wa namna nyingine. Wengi wao huchafukwa zaidi jua likichwea; hudai kwenda kwao hali wamo nyumbani mwao. Akimwuliza mumewe aliyefariki zamani, usibishane naye wala usimpe habari ya msiba kila siku, kwani kila mara ataisikia kama mpya na kuomboleza upya. Mwambie akuhadithie juu yake. Taa iwashwe mapema kabla ya Magharibi, na kelele zipunguzwe. Mimi niliyajua haya nikiwa nimechelewa, baada ya mabishano mengi ya bure.

Mwuguzaji naye ajitazame. Akiwa anasahau dawa zake mwenyewe za presha au kisukari, hana hamu ya chakula, hukasirishwa na watoto kwa jambo dogo, au husali bila kujua amesali rakaa ngapi, hayo si ya kufichwa. Na aende kwa daktari, aseme yake, si ya mgonjwa tu. Ikiwa mzee ametimiza miaka 70, familia iulize kwa chifu kuhusu mpango wa serikali wa Inua Jamii, wenye kutoa shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni chache, na anunuaye nepi za watu wazima anajua zinaishia wapi, lakini ni haki ya mzee.

Kwetu, mambo yalibadilika siku mume wangu alipowaita nduguze wote, mmoja akiwa kwenye simu, tukaketi na daftari. Usiku wa Jumamosi na Jumapili ukawa wake yeye. Wifi yangu akachukua Ijumaa, baada ya Alasiri. Mwenye kukaa mbali akalipa mshahara wa msichana wa kufua. Haikuwa bila maneno. Kuna aliyesema kwamba mkazamwana wa siku hizi ni mvivu, nami nikanyamaza.

Ijumaa ya kwanza nililala mpaka wifi aliponiamsha kwa adhana ya Magharibi. Nilipoingia chumbani, mavyaa wangu alinitazama kwa muda, kisha akauliza nilisafiri kwenda wapi.