Kwa nini saruji huharibu kuta za kale Nairobi

VIUNGO vya ukuta wa mawe vinapoanza kumomonyoka, mafundi wengi huvijaza saruji. Kwa majengo ya kale ya Nairobi, hatua hiyo yaweza kuongeza madhara badala ya kuyazuia.

Jiji lina majengo kadhaa ya mawe ya enzi ya ukoloni. Katikati mwa mji kuna afisi ya zamani ya Mkuu wa Mkoa, iliyojengwa 1913, ambamo vizazi, ndoa na vifo viliandikishwa. Magharibi, katika mtaa wa Karen, kuna nyumba ya mwandishi Karen Blixen, iliyojengwa 1912 na kufunguliwa kuwa makumbusho 1986.

Majengo hayo yalitangulia utengenezaji wa saruji nchini. Kampuni ya East African Portland Cement ilianzishwa 1933, hivyo saruji yoyote iliyotumika awali ilitoka ng'ambo.

Mota, yaani mchanganyiko unaounganisha mawe, ilitengenezwa kwa chokaa karne nyingi kabla ya hapo. Katika Pwani ya Kenya, mawe ya matumbawe yalichomwa hadi yakawa chokaa, kisha yakazimuliwa kwa maji na kuchanganywa na mchanga. Ngome ya Fort Jesus mjini Mombasa, iliyoanza kujengwa 1593, ni ushahidi wa uimara wa kazi hiyo.

Chokaa hukauka polepole kwa kufyonza hewa ya kaboni, na hata ikishika hubaki laini kiasi. Jengo linapotikisika au kutitia kidogo, mota hiyo huhimili bila kulipasua jiwe. Pia hupitisha unyevu, hivyo maji ya mvua yaliyoingia ukutani hutokea kwenye viungo.

Saruji ni kinyume chake: ni ngumu na huzuia maji. Mawe mengi ya kujengea Nairobi yalitokana na majivu ya volkano yaliyogandamana, nayo hunyonya maji. Viungo vikizibwa kwa saruji, unyevu hulazimika kutokea kwenye jiwe lenyewe, ukiacha chumvi. Baada ya misimu kadhaa ya mvua, uso wa jiwe hubambuka, huku saruji ikibaki imetokeza.

Ndiyo sababu kanuni kuu ya ukarabati ni kwamba mota isiwe ngumu kuliko jiwe. Kwanza mota ya asili huchunguzwa, kwa kuwa si kila jengo lilitumia mchanganyiko mmoja. Viungo vilivyooza huchokolewa kwa patasi, si kwa mashine ya kukata. Kisha hujazwa mota ya chokaa, aghalabu sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga, na kufunikwa magunia yenye maji ili isikauke haraka juani.

Kazi hii huchukua muda mrefu. Lakini kiungo kikiharibika hujazwa tena, ilhali jiwe lililochongwa kwa mkono 1913 likishabambuka halirudi.

Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya 2006 huyalinda majengo yaliyotangazwa kuwa turathi dhidi ya kubadilishwa bila idhini. Mengine mengi ya mawe humtegemea mwenyewe na fundi wake.