Mtoto Aliyefichwa

Somo: 2 Wafalme 11:1-12

Juma hili twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo linalogusa nyumba nyingi, ingawa mara nyingi hatulisemi kwa sauti. Je, babu na nyanya wana haki ya kumchukua mjukuu wao kwa siri, hata ikiwa wampenda kwa moyo wote?

Tuanze na habari iliyotokea kweli huko Marekani. Mwezi wa Julai mwaka 1994, katika jimbo la Indiana, mtoto wa kiume mwenye umri wa miaka mitano alitoweka. Hakuchukuliwa na mtu mgeni. Walioondoka naye walikuwa babu na nyanya yake, wazazi wa baba yake. Wakati huo palikuwa na shauri juu ya nani atakayemlea, naye mama wa mtoto alimtaka mwanawe. Wazee wale waliona heri kukimbia kuliko kumtoa. Wakahama, wakajipa majina mengine, na mtoto naye akapewa jina jingine.

Polisi walitafuta. Wazee wakashtakiwa bila kuwapo, lakini hawakupatikana. Miaka ikapita, dalili zikakauka, hata mwaka 2008 mashtaka yale yakafutwa. Hebu fikirini, akina mama mnaosikiliza, kila Julai inaporudi, nanyi hamjui kama mtoto wenu yu hai au amekufa.

Basi alipatikanaje? Huko Marekani Serikali humpa mtu namba yake ya tarakimu tisa. Mpango huo ulianza mwaka 1936 kwa ajili ya malipo ya uzeeni, lakini siku hizi namba ile hutakiwa kazini, katika kodi na hata benki. Mwaka 2012 namba ya mtoto yule ilipelekwa tena mbele ya polisi, nao wakaitafuta katika kumbukumbu. Wakaona kwamba yuko kijana wa miaka 24 katika jimbo la Minnesota, mbali sana na kwao, anayeitumia namba ile ile na tarehe ile ile ya kuzaliwa. Jina lilikuwa limebadilishwa, lakini namba ilibaki. Wakalinganisha, wakachunguza, wakamkuta ndiye. Mnamo Januari 2013 habari ikatangazwa. Miaka 18 ilikuwa imekwisha kupita, na yule mtoto wa miaka mitano sasa alikuwa mtu mzima.

Mama yake alifurahi sana. Lakini sikilizeni na neno jingine. Kijana mwenyewe aliwatetea babu na nyanya yake mbele ya watu. Alisema kwamba pale alipolelewa ndipo palipomfaa, na kwamba watu hawakuyajua mambo yote.

Hapo wengi wetu twaweza kusema, "Basi, kumbe hapakuwa na ubaya! Mtoto alikula, akavaa, akapendwa, akawa mtu mzima. Kosa liko wapi?" Hatutaki kulipita swali hilo haraka. Sisi hatukuketi katika nyumba ile, wala hatukuwekwa kuwahukumu wazee wale. Huenda walimpenda kijana kweli kweli. Lakini twaulizana hivi: upendo wao ulihitaji nini ili udumu? Ulihitaji majina ya uongo. Ulihitaji mama mzazi asijue kitu kwa miaka 18. Na ndiyo sababu twataka sasa kulifungua Neno.

Katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 11, twasoma habari ya mtoto mwingine aliyefichwa. Mfalme Ahazia alipokufa, mama yake, Athalia, aliinuka akawaua wazao wote wa kifalme ili atawale yeye. Angalieni vema: Athalia alikuwa nyanya yao! Wale aliowaua walikuwa watu wa nyumba ya mwanawe mwenyewe. Lakini Yehosheba, dada yake Ahazia, alimwiba mtoto mchanga, Yoashi, akamficha pamoja na yaya wake. Wakakaa katika nyumba ya Bwana muda wa miaka sita.

Kwa hiyo Biblia haisemi kwamba kila amfichaye mtoto amekosa. Yehosheba alifanya tendo jema. Tofauti iko wapi basi? Twaona mambo matatu.

Kwanza, Yehosheba alimficha mtoto asiuawe. Upanga ulikuwa umekwisha kufutwa alani. Hakumficha kwa sababu ya uchungu wa kushindwa katika shauri, wala kwa sababu hakumpenda mkwe. Kuogopa kumkosa mtoto si sawa na kuogopa mtoto asife. Hofu ya kwanza hutazama moyo wangu mimi. Ya pili humtazama mtoto.

Pili, Yoashi hakunyang'anywa jina lake. Katika siri yote ile alibaki kuwa mwana wa Ahazia, na wale waliomlinda walijua hivyo. Kumficha mtoto ndani ya chumba ni jambo moja, na kumficha mtoto asijijue ni jambo jingine. Mtoto asiyeambiwa kweli juu ya mama yake hupata chakula na kitanda, lakini huishi katika nyumba ambayo mlango wake mmoja umepigwa misumari.

Tatu, siri ya Yehosheba ilikuwa na mwisho. Katika mwaka wa saba kuhani Yehoyada aliwaita maakida, akawaapisha, akawaonyesha mwana wa mfalme. Kisha akamtoa nje mbele ya watu wote. Walimficha ili siku moja wamrudishe mahali pake. Lakini siri ya Indiana haikuwekewa mwaka wa saba. Kama polisi wasingaliipata namba ile, yamkini ingaliendelea mpaka kaburini.

Ndugu zetu, tusiseme kwamba hayo ni mambo ya Marekani. Hapa Kenya wajukuu wengi hulelewa na nyanya zao, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili ya wazee hao, maana wamezishika nyumba zilizokuwa zikianguka. Lakini pia twajua nyumba ambamo mtoto hushikwa kama rehani. Mahari haikumalizwa, basi mtoto haendi kwa baba yake. Au baba amekufa, na upande wa baba wamchukua mtoto, na mama akija afukuzwa langoni. Halafu mtoto huambiwa, "Mama yako alikutupa," au, "Mama yako alikufa," naye mama yu hai, analia katika mji mwingine.

Sheria yetu imesema wazi. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya kuwa na jina tangu kuzaliwa, na haki ya kutunzwa na wazazi, baba na mama kwa pamoja, wawe wameoana au hawakuoana. Tena yasema kwamba katika kila shauri linalomhusu mtoto, faida ya mtoto mwenyewe ndiyo itangulie. Haikusema faida ya ukoo itangulie, wala faida ya mzee mwenye uchungu.

Basi tufanye nini? Ikiwa wewe ni babu au nyanya, na waona kweli kwamba mjukuu wako yumo hatarini, apigwa au aachwa na njaa, usinyamaze, lakini usikimbie naye gizani. Nenda kwa afisa wa watoto, au kwa chifu. Piga simu namba 116, ambayo ni ya kuwasaidia watoto, nayo hailipishwi. Mwite mchungaji wako akufuate huko. Yehosheba hakuwa peke yake. Alikuwa na Yehoyada, na baadaye wakawapo mashahidi.

Ikiwa wewe ni mzazi uliyemwacha mtoto kwa wazee miaka mingi, usiende kumnyakua kwa siku moja kama mtu achukuaye mzigo stesheni. Nenda na shukrani mkononi. Keti nao. Mtoto awe na nafasi ya kuwapenda ninyi nyote bila kuona kwamba amemsaliti mmoja wenu.

Na ikiwa iko siri ya namna hii katika nyumba yako, na yule mtoto sasa ni mtu mzima, twakusihi kwa upole: usingoje afisa agonge mlango. Mwambie mwenyewe. Mwambie jina la mama yake na mahali alipomwona mara ya mwisho. Twajua utaogopa kwamba atakuacha. Lakini mkumbukeni kijana wa Minnesota. Kweli ilipofunuliwa, hakuwatupa wale waliomlea. Pengine hata yule unayemficha asingekutupa. Mzigo uliouchukua miaka yote kwa hofu ya kumkosa, yawezekana hukuhitaji kuuchukua kamwe.

Na tuombe. Ee Baba yetu, wewe uliyemlinda Yoashi katika nyumba yako, uwaangalie watoto wote waliotengwa na wao. Uwafariji akina mama wanaongoja. Uwape wazee wetu ujasiri wa kusema kweli, nasi utupe upendo usiohitaji giza. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.