Msingi wa Shule Zetu

Shule ya Kikristo yasimama juu ya nini? Twakumbuka Rungwe, walikoanza Wamoraviani mwaka 1891. Mwaka 1916 Waingereza waliiteka nchi ile, wamisionari Wajerumani wakaondolewa. Waskoti wa Livingstonia walikuja kusaidia baadaye. Lakini walioshika kazi tangu mwanzo ni walimu wenyeji, wakifundisha na kusalisha. Hapo, twaona, ndipo shule ilipopimwa.

Maana twaamini ya kuwa Mungu aona hata mwalimu akitoka darasani, na ya kuwa Kristo alimfia mtoto wa mkulima sawasawa na wa chifu. Hesabu ni njema. Lakini ajuaye hesabu akampunja jirani kibaba cha mahindi, huyo hatujamfundisha bado.

Wazazi wa Mbeya na Iringa, jioni kwenu nani hufungua Kitabu?